Ngiri Itokanayo na Jeraha: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Tiba

Katika Kabasa na vijiji vingine vya Bunda, Butiama na Musoma, mwili ndio mtaji wa kwanza wa mtu. Mkulima huongoza plau nyuma ya maksai. Mvuvi huvuta nyavu na kusukuma mtumbwi hadi majini. Mchimbaji mdogo hubeba mifuko ya mawe mgongoni, na dereva wa bodaboda hushinda barabarani tangu alfajiri. Katika kazi hizo zote, pigo moja la tumboni laweza kuacha dhara ambalo halionekani siku ile ile.

Tuchukue mfano. Kijana anafungua maksai baada ya kulima, na dume mmoja anamsukuma kwa pembe ubavuni. Ngozi haikatiki. Kuna maumivu, kuna wekundu, lakini hakuna damu, na kijana anarudi nyumbani kwa miguu yake. Wiki moja baadaye anaona uvimbe mahali palepale. Akisimama au akikohoa unatokeza. Akilala chali unapotea. Jirani mmoja anamwambia kuwa damu imevia, akandwe kwa maji ya moto. Mwingine anasema ni ngiri, na kwamba mnadani yupo muuzaji wa dawa ya chupa inayoitibu kwa wiki tatu. Kijana anauza mbuzi, ananunua chupa.

Swali tunalotaka kila mtumiaji ajiulize ni hili: hapo amenunua nini hasa? Jibu letu, ambalo tunalifafanua katika makala haya, ni kwamba ukuta wa tumbo uliochanika haufungwi kwa dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kuchanjia. Hufungwa kwa upasuaji. Fedha iliyotumika kwa kitu kingine imepotea, na muda uliopotea pamoja nayo waweza kuwa na gharama kubwa kuliko mbuzi.

Ngiri ni nini, na jeraha huisababishaje

Viungo vya ndani ya tumbo hushikiliwa mahali pake na ukuta wa misuli na utando mgumu. Ukuta huo ukipata upenyo, utumbo au mafuta ya ndani huweza kusukumwa nje na kuvimba chini ya ngozi. Hali hiyo ndiyo ngiri, ambayo wengine huiita henia. Ngiri nyingi hutokea kinenani au kitovuni, mahali ambapo ukuta una udhaifu wa kimaumbile, na huja polepole bila pigo lolote.

Ngiri ya jeraha ni tofauti. Hapa ukuta uliokuwa mzima huchanika kwa nguvu ya ghafla. Ngozi huvutika na kurudi, kwa hiyo yaweza kubaki nzima ilhali misuli iliyo chini yake imepasuka. Visababishi vinavyojulikana ni pembe ya ng'ombe, ncha ya usukani wa baiskeli au pikipiki inayomchoma mtu tumboni anapoanguka, mkanda wa gari unaobana tumbo wakati wa ajali, na kuanguka juu ya kisiki, jiwe au ukingo wa mtumbwi. Watoto wanaojifunza baiskeli wamo katika hatari hii, kwani ukuta wao wa tumbo ni mwembamba. Jeraha la kisu au mkuki huweza pia kuacha upenyo, na kovu la upasuaji wa tumbo uliofanywa kwa sababu ya ajali laweza kulegea miezi au miaka baadaye.

Kuinua mzigo mzito ni jambo jingine. Mara nyingi mzigo hudhihirisha udhaifu uliokuwapo tayari. Hata hivyo, mtu aliyeona uvimbe baada ya kuinua mzigo naye anahitaji kupimwa, na matibabu yake hayana tofauti kubwa.

Si kila uvimbe baada ya pigo ni ngiri

Uvimbe unaotokea baada ya pigo waweza kuwa damu iliyovia ndani ya misuli. Waweza kuwa jipu. Uvimbe wa korodani waweza kuwa busha, yaani maji yaliyokusanyika, ambayo wengi wetu huyaita ngiri maji japo si ngiri kwa maana tunayoieleza hapa. Kwa kutazama tu, hata mtu mwenye uzoefu huweza kukosea.

Kwa sababu hiyo tunatoa onyo la kwanza. Uvimbe wa tumboni uliotokea baada ya pigo usichanjwe, usitumbuliwe, usitobolewe kwa sindano nje ya hospitali, wala usikandwe kwa nguvu. Ikiwa ndani yake mna utumbo, wembe wa chale waweza kuutoboa, na kinyesi kikimwagika tumboni maisha yako hatarini.

Hospitalini, mtaalamu atakupima ukiwa umesimama na ukiwa umelala, na atakuomba ukohoe. Kipimo cha utrasaundi husaidia kutofautisha damu, maji na utumbo. Baada ya ajali kubwa, kipimo cha CT scan huonyesha vizuri zaidi mchaniko na viungo vingine vilivyoumia. Jambo hili la mwisho lina uzito: pigo lenye nguvu ya kupasua misuli lina nguvu pia ya kupasua utumbo, bandama au ini. Uvimbe wa nje waweza kuwa ndiyo sehemu ndogo ya tatizo.

Ipo pia ngiri ya jeraha isiyoonekana kabisa. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ajali ya gari, kuanguka kutoka juu au kuchomwa kisu chini ya mbavu huweza kuupasua, na tumbo la chakula au utumbo hupanda kifuani. Mara nyingi mchaniko huo hugunduliwa upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia hukingwa na ini. Mgonjwa huweza kukaa miezi au hata miaka bila kujua, kisha akaanza kubanwa na pumzi au kutapika. Ukipatwa na dalili hizo, mwambie mtaalamu kuhusu ajali ya zamani hata kama unaona imepitwa na wakati.

Kuhusu "dawa za ngiri"

Wauzaji wengi hulitumia neno ngiri kwa mapana mno. Katika matangazo yao, ngiri ni tumbo kuunguruma, kiuno kuuma, choo kama cha mbuzi, korodani kuvuta na nguvu za kiume kupungua. Dalili hizo zina visababishi vingi. Mtu mwenye tumbo lililojaa gesi akinywa dawa na kupata nafuu, atasimulia kwamba ameponywa ngiri, na mwenye mchaniko halisi atamwamini.

Hatuandiki haya kuidharau tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, inaitambua, na chini yake kuna Baraza linalosajili waganga na kusimamia kazi zao. Mganga mwaminifu anayajua mipaka ya kazi yake, na humwelekeza hospitali mgonjwa aliyechanika. Tunachosema ni kwamba mzizi hauwezi kushona. Anayekuahidi kufunga tundu la misuli kwa kikombe, na akataka fedha kabla, mwombe akuonyeshe usajili wake na usajili wa dawa yake. Kisha nenda ukapimwe kabla ya kulipa.

Mikanda ya ngiri nayo huuzwa kama tiba. Mkanda huweza kuushikilia uvimbe kwa muda, lakini haufungi upenyo. Mkanda unaobana utumbo ambao haujarudi ndani waweza kuleta madhara. Uvae ikiwa tu daktari amekushauri, na kwa muda aliokuambia.

Gharama ya kuchelewa si ya kubuni. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuhusu wagonjwa 452 wa ngiri ya kinena. Takriban 45 kati ya kila wagonjwa 100 walikuwa wamekaa na ngiri kwa zaidi ya miaka mitano kabla ya kufika. Karibu 30 kati ya kila 100 walifika utumbo ukiwa umeziba au umenyongwa, na takriban 16 kati ya kila 100 walilazimika kukatwa sehemu ya utumbo. Utafiti huo haukuhusu ngiri za jeraha peke yake, lakini utumbo ulionaswa katika upenyo hauulizi upenyo ulitoka wapi.

Dalili zinazotaka uende hospitali leo

Utumbo ukinaswa na kukosa damu, huanza kufa ndani ya saa chache. Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

- uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, na umekuwa mgumu;
- maumivu makali yasiyopoa, au maumivu yanayoongezeka;
- kutapika, tumbo kujaa, kukosa choo na kushindwa kutoa upepo;
- ngozi juu ya uvimbe kubadilika rangi au kuwa ya moto;
- homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, kizunguzungu au kuzimia baada ya pigo la tumbo.

Usijaribu kuusukuma uvimbe kwa nguvu. Usile wala usinywe chochote ukiwa njiani, kwa sababu huenda ukahitaji upasuaji mara ufikapo. Mjulishe dereva na ndugu anayekusindikiza kwamba hii ni dharura, na usikubali kupitia kwanza kwa muuzaji wa dawa.

Upasuaji hufanywa lini, na kwa namna gani

Wengi hudhani kwamba ngiri ya jeraha lazima ishonwe siku ile ile. Uamuzi hutegemea hali ya mgonjwa. Ikiwa kuna dalili kwamba utumbo umetoboka au damu inavuja ndani, daktari hufungua tumbo haraka, huokoa kwanza viungo vilivyoumia, na huweza kushona ukuta wakati huo huo. Kiwambo kilichopasuka nacho hushonwa kikishagunduliwa, kwa kuwa hakifungi chenyewe. Ikiwa mgonjwa yuko salama na misuli imevimba na kupondeka, daktari aweza kushauri kusubiri hadi tishu zipone, kwani uzi haushiki vizuri katika nyama iliyopondeka. Kusubiri huko kuna tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Kukaa nyumbani bila tarehe ni kuchelewa.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo au kwa dawa ya usingizi, ambayo wengi huiita kaputi. Daktari hukata ngozi, hurudisha utumbo ndani baada ya kuhakikisha kwamba uko hai, hutafuta kingo za misuli na utando uliochanika, kisha huziunganisha kwa uzi imara. Katika baadhi ya hospitali kubwa kazi hii huweza kufanywa kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera, lakini njia ya wazi ndiyo iliyozoeleka na inafaa.

Upenyo ukiwa mkubwa, kuvuta kingo kwa nguvu huufanya mshono ukatike. Hapo daktari huweza kuweka wavu maalumu wa upasuaji ili kuimarisha ukuta. Mwili hujenga kovu juu ya wavu huo, nao hubaki ndani daima. Ikiwa utumbo umetoboka na kuchafua tumbo, mara nyingi daktari huepuka kuweka wavu, kwa kuwa waweza kushikwa na maambukizi. Hivyo usidhani umedhulumiwa kwa kushonwa kwa uzi pekee, muulize sababu.

Bei ya wavu ni kikwazo kwa wengi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Baadhi yao waliwekewa wavu wa kibiashara, na wengine wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua na kutakaswa kwa kiwango cha hospitali. Baada ya mwaka mmoja, matokeo ya makundi hayo mawili yalikaribiana sana. Funzo kwa mtumiaji ni kwamba bei kubwa si kipimo pekee cha ubora. Hata hivyo, asitokee mtu wa kukuuzia wavu mtaani ili uupeleke hospitali. Kifaa kinachoachwa ndani ya mwili lazima kiwe kimekubaliwa na mamlaka husika, kimetakaswa, na kimetolewa kupitia hospitali yenyewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Fomu ya ridhaa si karatasi ya kutiwa saini kwa kufumba macho. Ni haki yako kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Uliza:

1. Je, hii ni ngiri kweli, na imethibitishwa kwa kipimo gani?
2. Je, kuna kiungo kingine kilichoumia?
3. Je, nifanyiwe upasuaji sasa au baadaye, na kwa nini?
4. Nani atanifanyia upasuaji, na nani atanipa ganzi au usingizi?
5. Je, nitashonwa kwa uzi pekee au nitawekewa wavu?
6. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na vipimo, dawa, kitanda na kubadilisha vidonda?
7. Je, bima yangu inalipia, na je, ninahitaji barua ya rufaa?

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kutoka hapo utapewa rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Wakazi wa Mara hupelekwa pia katika Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, na matatizo makubwa zaidi hupelekwa Bugando. Lipa kwa utaratibu rasmi tu na udai risiti kwa kila malipo. Fedha iliyotolewa bila risiti ni vigumu kuifuatilia.

Baada ya upasuaji

Utashauriwa kuanza kutembea mapema, mara nyingi siku inayofuata, ili damu isigande miguuni. Kutembea si kulima. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kuacha kazi nzito kwa wiki nne hadi sita, na zaidi ya hapo kama upenyo ulikuwa mkubwa. Katika muda huo usibebe ndoo, usishike plau, usivute nyavu wala usiendeshe bodaboda. Kunywa maji na kula mboga na matunda ili usijikamue chooni. Tibu kikohozi, na ikiwa unavuta sigara, acha, kwani huchelewesha kupona. Kidonda kikitoa usaha, kikiwa chekundu na cha moto, au ukipata homa, rudi hospitali bila kungoja tarehe.

Tunatambua kwamba ushauri huu ni mzito kwa familia inayoishi kwa jasho la kila siku. Ndiyo maana tunashauri familia ipange mapema ni nani atakayeshika kazi hizo, na upasuaji usio wa dharura upangwe, ikiwezekana, nje ya msimu wa kulima. Mshono ukikatika kwa sababu ya haraka, upasuaji wa pili huwa mgumu na wa gharama kuliko wa kwanza.

Tunza kumbukumbu za jeraha lako

Ngiri ya jeraha ina upande wa kisheria ambao ngiri nyingine hazina. Kama uliumia katika ajali ya barabarani au kwa kushambuliwa, toa taarifa polisi upate fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza. Hali ikiwa ya dharura, nenda hospitali kwanza, na ndugu yako afuatilie fomu. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakitaka kila chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kudhurika. Andika namba ya chombo na jina la kampuni ya bima.

Kama umeajiriwa na uliumia kazini, mjulishe mwajiri kwa maandishi mara moja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, huhudumia wafanyakazi wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara. Uvimbe unaojitokeza wiki kadhaa baada ya ajali huleta ubishi kama kweli ulitokana nayo. Ubishi huo humalizwa na karatasi: kadi ya siku ya kwanza hospitalini, majibu ya vipimo, na maelezo ya walioshuhudia. Kwa hiyo pigo zito la tumbo lipimwe na kuandikwa siku ile ile, hata kama hujaona uvimbe.

Turudi kwa kijana wetu. Chupa yake itakwisha na tundu litabaki. Angali na nafasi ya kwenda zahanati kesho asubuhi, kueleza habari ya pembe ya dume bila kuona haya, na kupewa rufaa uvimbe ungali laini na unarudi ndani. Upasuaji uliopangwa katika hali hiyo ni kazi ambayo madaktari wameizoea. Akingoja hadi utumbo unaswe, atapelekwa hospitali usiku, kwa pikipiki ya kukodi, na kwa gharama ambayo mbuzi mmoja hatoshi kuilipa. Wewe msomaji unayemjua kijana wa namna hiyo, mpelekee kijitabu hiki, na umsindikize.